Kamera Imepunguza Ajali, au Zimepungua Zenyewe?

Mabibi na mabwana, ahsanteni kwa kurusha dadu. Baadhi ya waliopata tano au sita niliwawekea picha ya kamera mezani, kisha mkarusha tena. Wengi wao wameshuka. Ni picha iliyowashusha? Mnacheka, lakini Uingereza walibishana miaka kwa sababu ya hesabu hiihii.

Kule kamera ya kupima mwendo haikuwekwa popote tu. Ilitakiwa kwanza pawe pametokea ajali mbaya kadhaa ndani ya miaka michache. Ni busara: mlinzi huwekwa palipoibiwa. Ila ajali mbaya kwenye kipande kimoja cha barabara ni chache, nazo hupanda na kushuka kwa bahati. Ukipachagua mahali kwa kuwa pamepitia kipindi kibaya, kinachofuata kitakuwa na nafuu hata ukipanda mgomba pale badala ya kamera.

Ripoti ya mpango wa kamera hizo, iliyotoka Desemba 2005, ilisema waliouawa au kuumia vibaya penye kamera walipungua kwa asilimia 42. Wasomaji wengi wakaishia hapo. Kumbe kwenye kiambatisho waandishi walikuwa wamepima sehemu ya vituo vya kamera vya mijini: ajali mbaya zilishuka kwa asilimia 55, lakini 35 kati ya hizo ni bahati iliyorudi kwenye wastani, 9 ni mwelekeo wa jumla, na takriban 10 tu ndizo za kamera.

Kumi si haba. Ni watu wanaorudi nyumbani. Wapinzani wa kamera waliishika ile 35 kana kwamba kumi ni sifuri, na hao pia sikubaliani nao.

Kuna umbali vilevile. Mwaka 2017 Cheng Keat Tang, mtafiti wa London, alionyesha kuwa ajali na vifo hupungua ndani ya mita 500 za kamera, lakini baada ya kilomita moja na nusu faida hiyo hupotea, na huenda ajali zikaongezeka. Dereva hufunga breki, akishapita anakanyaga mafuta. Sisi tunaomulikiana taa tukimwona trafiki na tochi yake hatukuhitaji kusafiri mpaka London kulijua hilo! Mwenye kupima nguzoni tu halioni.

Sasa, waliopata tano au sita ambao sikuwapa picha yoyote: nyosheni mikono mlioshuka.