Kurudi kazini baada ya upasuaji wa kupunguza uzito

Mabibi na mabwana, swali la kwanza la mgonjwa huwa ni lini atarudi kazini. Hilo ni jepesi. Kama alipasuliwa kwa matundu madogo na hakupata tatizo, mwenye kazi ya kukaa hurudi baada ya wiki 2 hivi. Mbeba mizigo asubiri wiki 4 hadi 6, maana akijikaza kabla misuli ya tumbo haijashikana, anajitafutia ngiri.

Gumu ni hili ambalo cheti cha mapumziko hakiligusi: atakula na kunywa vipi akiwa zamu? Aliyekatwa sehemu ya tumbo amebakiwa na karibu robo yake. Aliyeunganishiwa utumbo kwenye kifuko kidogo kilichotengwa juu ya tumbo ana nafasi ya mililita 30 hivi. Lita moja na nusu ya maji kwa siku haipiti humo kwa glasi. Hupita funda kwa funda, na akishakula hukaa nusu saa bila kunywa. Sasa mweke mahali ambapo chupa ya maji hairuhusiwi, umpe pumziko moja la dakika 20. Atafakamia, kisha kifua kitambana na atatapika. Au, hasa yule wa kuunganishiwa utumbo akila kitu kitamu, chakula kitaporomoka kwenye utumbo mwembamba: ndani ya nusu saa moyo unamwenda mbio, jasho linamtoka, anaharisha. Saa 1 hadi 3 baadaye sukari ya damu yaweza kushuka, naye pengine yuko juu ya ngazi au ameshika usukani. (Wenzake watasema anajidekeza. Alipokuwa mnene walisema ni mvivu.)

Ndiyo maana naona ni heri aombe vipumziko vya dakika 10 kila baada ya saa 2 au 3, chupa karibu na ruhusa ya kwenda chooni, kuliko kuongezewa wiki ya likizo.

Dozi za insulini na za presha zipitiwe na daktari kabla hajarudi, kwa kuwa mahitaji huweza kushuka ndani ya siku chache. Mgongo ukiuma, asikimbilie diklofenaki wala ibuprofeni: huchimba vidonda pale utumbo ulipounganishwa. Wa zamu ya usiku apange vidonge kwa saa anayoamka, madini ya chuma na kalsiamu vikipishana saa 2. Na ruhusa za kwenda kupima damu aziombe mapema, kwani upungufu wa vitamini B12 huweza kujitokeza baada ya mwaka au zaidi, kwa uchovu na ganzi ya miguu, wakati kazini kila mtu keshasahau kwamba alipasuliwa.