Milio Minne ya Nyundo

OMONDI: Hamjambo nyote, tuko Kisumu kama kawaida, mimi na Nekesa. Leo nimewaandalia mambo matatu ya kuangalia kabla kikundi chenu kinunue vifaa vya jukwaani, lakini kwanza wacha niwape ya juzi.

NEKESA: Ya ile bastola.

OMONDI: Eeh, ile ya mchezo wetu. Ni chuma tupu, mtutu umezibwa, silinda ya kuweka risasi imezibwa, haipigi chochote. Sasa mazoezini nyundo, kile chuma cha nyuma unachovuta kwa kidole gumba, ikakataa kusimama, ukiivuta nyuma inarudi, na si mnajua kuna pale jamaa anaivuta polepole watu wote wamenyamaza! Tukaipeleka kwa fundi pale Kibuye, akaifungua, akatuonyesha kile kijino cha chini ya nyundo, kimelika hadi kimekuwa laini kama sabuni ya jana. Dairekta akamwambia akichonga nyundo mpya aweke na pini kwa uso wake, ile ncha ya kugonga risasi, ikae ya ukweli.

NEKESA: Na fundi akasema, "Hiyo ya pini siweki, mama." Nilimpenda hapo hapo. Sheria ya silaha, Sura 114, hata bunduki bandia ina kesi yake ukiitumia kwa uhalifu, sasa ya nini kusogeza kitu cha jukwaani karibu na silaha?

OMONDI: Hapo sina ubishi, yetu isiwekwe pini. Lakini dairekta alikuwa anafikiria Colt ya 1873, ile bastola ya Marekani, na kwa ile pini iko kwa nyundo yenyewe. Ndiyo maana watu walikuwa wanabeba risasi tano kwa silinda ya sita, nyundo inalalia tundu tupu, kwa sababu ikianguka chini kile kijino cha usalama kinaweza kuvunjika na pini igonge risasi. Na ukiivuta inalia mara nne. Mlio wa kwanza usalama, wa pili kujaza risasi, wa tatu kile chuma kinachoshika silinda, wa nne iko tayari.

NEKESA: Yetu inalia ngapi?

OMONDI: Miwili. Na inaniuma.

NEKESA: Omosh, nani kwa viti vya nyuma atahesabu? Sauti yenyewe inafika imechoka. Mimi shuleni Bungoma nilikuwa nakimbia mita 400 leni ya nje, nikisikia bastola wenzangu wa ndani washatoka!

OMONDI: Aah, hizo ni hisia tu.

NEKESA: Hisia gani? Sauti inaenda kama mita 340 kwa sekunde. Leni ya nane kwa 400 inaanzia karibu mita 53 mbele ya leni ya kwanza, kwa hivyo mwenye bastola akisimama karibu na leni ya kwanza, wa nje anasikia zaidi ya sekunde 0.1 baadaye, na si kidogo, kwa mashindano makubwa ukitoka kabla ya sekunde 0.1 baada ya mlio wanakuhesabia umeiba. Ndio maana mashindano makubwa wanaweka spika nyuma ya kila mkimbiaji.

OMONDI: Kumbe! Sasa hao watoto wetu wa mashindano ya shule wanaokimbilia leni ya nane...

NEKESA: Wanaonewa kila mwaka na hakuna anayesema! Mwalimu anaweza kusimama katikati hivi, mbali kidogo na wote, si hata pesa.

OMONDI: Walimu mnaotusikiliza, hiyo mfanye. Haya turudi kwa nyundo. Ruger wa Marekani 1973 walileta muundo mpya, pini ikakaa kwa fremu na katikati kuna kijichuma, transfa baa, kinapanda tu ukivuta triga. Usipovuta, nyundo haifikii pini, unabeba sita. Na zile zao za zamani wanakubadilishia bure, halafu wanakurudishia vipuri vyako vya zamani.

NEKESA: Hiyo ni kampuni yenye utu.

OMONDI: Lakini wenye bastola wengine wanavirudisha ndani, triga ya zamani ni tamu zaidi, na mimi nawaelewa. Kitu cha kale kikae kilivyotengenezwa, ukibadilisha nyundo umefuta kazi ya mikono ya mtu.

NEKESA: Hapana. Bastola ikianguka kwa meza haiulizi ni ya mwaka gani. Kuna mtoto chumba cha pili.

OMONDI: Basi beba tano, kama wazee walivyobeba.

NEKESA: Na siku umesahau? Chuma kikumbuke badala yako, ndio kazi yake.

OMONDI: Tukienda hivyo hakuna kitakachobaki cha kuonyesha watu walianzia wapi.

NEKESA: Weka picha ukutani.

OMONDI: Picha hailii mara nne, Nekesa!

NEKESA: Mwenye studio anatuonyesha saa. Na yale mambo yako matatu?

OMONDI: Hata la kwanza sijafika. Basi, muda umeisha, kwaherini.

NEKESA: Vipuri vya zamani vikae kwa droo.

OMONDI: Virudi kwa bastola.

NEKESA: Droo, Omosh.