Jinsi ya kupima presha ya mpira wa zimamoto

Karibuni. Hapa Nakuru leo tunapima mpira wa zimamoto wa milimita 64, ule wenye kitambaa nje na mpira ndani. Pima kila mwaka, na kila mpira unaporudi kutoka kwa fundi.

Unyooshe wote mahali tambarare. Tembea kando yake ukiupapasa, ukitafuta palipochubuka, palipoungua au penye ukungu. Chungulia ndani ya koplingi, yaani kiungo cha chuma kwenye ncha ya mpira. Mpira wa ndani ukiwa umebanduka kutoka kwenye kitambaa, uweke kando, maana utajikunja na kuziba maji, na mwenye nozeli (mdomo wa kurushia maji) atabaki mbele ya moto bila kujua kwa nini maji yamepungua.

Sasa chora mstari wa kalamu kuzunguka kitambaa, pale pale kinapotokea kwenye koplingi.

Unga ncha moja kwenye pampu, nyingine ifunge nozeli yenye vali. Acha vali wazi, jaza maji polepole kwa presha ya baa 3 hivi (baa ni kipimo cha presha). Inua nozeli juu ya mpira wote, isubiri mpaka iache kutema hewa. Tafadhali usiharakishe hapa! Maji hayabanwi, lakini hewa hubanwa. Hewa ikibaki na mpira ukapasuka, itafyatuka kama springi, na koplingi ya chuma inaweza kumvunja mtu mguu.

Funga nozeli taratibu na uilaze chini. Kagua uvujaji, kisha kila mtu asogee mbali. Asiwepo anayeruka mpira wala kuukalia.

Pandisha presha kidogo kidogo hadi kiwango cha kupimia kilichoandikwa kwenye mpira wenyewe. Mingi ya kushambulia moto hupimwa kwa baa 20 hivi. Ishike dakika 3, ukiangalia ukiwa mbali. Shusha presha, toa maji, ndipo usogee kuangalia ule mstari. Ukiwa umeondoka kwenye koplingi upande mmoja zaidi ya mwingine, koplingi inateleza.

Mpira uliofaulu uoshe kwa maji safi, ndani na nje, hasa kama ulitumia maji ya magadi kama ya Ziwa Nakuru. Uanike kivulini, jua kali hukausha mpira ukapasuka nyufa. Ukiukunja, badilisha mahali pa mikunjo.

Uliofeli ufunge kitambaa chekundu, uandike kasoro na mahali ilipo. Tundu likiwa karibu na ncha, fundi akate hapo, afunge koplingi upya, na urefu mpya uandikwe kwenye daftari kabla ya kuupima tena.