Kasha la Kinyesi na Vita vya 1479

Ndugu wasikilizaji, kila ninapoalikwa kuuzungumzia ufalme wa Lan Xang, ulioitangulia Laos ya leo, swali la kwanza huwa ni lile la kinyesi cha tembo, basi na tulianze ili tulimalize. Masimulizi yanasema kwamba mfalme Chaiyachakkaphat alipata tembo mweupe, mnyama ambaye katika nchi hizo ni dalili ya mtawala mwenye baraka, na Lê Thánh Tông, mfalme wa Đại Việt (Vietnam ya zamani), akaomba apelekewe walau nywele zake azione. Mfalme Chaiyachakkaphat alikuwa radhi. Mwanawe, aliyekuwa akiendesha shughuli za dola, aliliona ombi hilo kuwa ni agizo la bwana kwa mtwana wake, akajaza kasha kinyesi cha tembo yuyo huyo, akalifunga kwa heshima zote, akalipeleka.

Mnacheka, na mna haki. Ila mwanahistoria anayeishia kwenye kicheko hicho anakula mshahara wa bure. Hivi kweli jeshi la Đại Việt lililovuka milima kuingia Lan Xang kwa njia tano mwaka 1479 lilikusanywa, likalishwa na kupewa silaha kwa sababu ya kasha moja?

Thánh Tông ndiye aliyeiteka Vijaya, mji mkuu wa Champa, ufalme uliokuwa kusini mwa Đại Việt, mwaka 1471. Alipokwisha kujihakikishia kusini aligeukia magharibi, ambako nchi ya Muang Phuan, iliyo baina ya Lan Xang na Đại Việt, iligombewa na pande zote mbili, na yeye akidai ni jimbo lake. Najua yupo atakayesimama kuniambia kwamba masimulizi ya kale hayapuuzwi. Siyapuuzi, bwana, hata kasha nalikubali. Ninachokataa ni kulitwisha mzigo wa vita vizima, ilhali kuni zilikuwa zimekwisha kupangwa huko Phuan.

Naona mwenyekiti anatazama saa. Kwa kifupi, mji mkuu wa Lan Xang, ambao leo ni Luang Prabang, ulitekwa. Mfalme akakimbilia Chiang Khan, chini ya mto Mekong, akajiuzulu, na mwanawe mwingine, Suvanna Banlang, akawatimua wavamizi. Tilokaraj, mfalme wa Lan Na, kaskazini mwa Thailand ya leo, naye alipigana nao, na msiuite huo wema wa jirani: Nan, mji wake, ulipakana na Lan Xang, na moto ulikuwa umeshafika uani kwake. Habari za Ayutthaya, ufalme wa Siam, na za Uchina nilikuwa nimeziandaa, lakini kinyesi kimezila dakika zake.