Kambare wa Mashimo ya Kokoto na Kumbukumbu za Wavuvi Wake

Mabibi na mabwana, ndugu wasikilizaji, asanteni kwa kunikaribisha. Jioni hii nataka tuwazungumzie wavuvi wa mshipi wa Uingereza, hasa wale waliokesha kando ya maziwa madogo na mashimo ya kokoto wakimsubiri kambare mkubwa wa Ulaya, yule ambaye wanasayansi humwita Silurus glanis. Hoja yangu ni moja. Historia ya samaki huyu nchini humo imehifadhiwa zaidi vichwani mwa wavuvi kuliko kwenye makabati ya serikali, na kumbukumbu hizo zina thamani pale zinapotuambia samaki alitoka wapi, si uzito wake peke yake.

Kambare huyu si mwenyeji wa Uingereza. Kwao ni kwenye mito ya Ulaya ya kati na mashariki, Danube, Volga na jirani zake. Mwaka 1880 aliletwa kutoka Ujerumani hadi maziwa ya Woburn Abbey, katika wilaya ya Bedfordshire. Aliyemleta alikuwa Lord Odo Russell, balozi wa Uingereza mjini Berlin, ndugu yake mwenye shamba lile, Duke wa Bedford. Samaki wa mapambo ya mabwana, basi. Kutoka Woburn uzao wake ukahamishwa kidogo kidogo, na mwaka 1951 wengine wakafikishwa kwenye maziwa ya Claydon, Buckinghamshire. Kwa hiyo mvuvi mzee akisema, "Sisi tulivua Claydon," mwenzake anajua mara moja anazungumzia ukoo gani wa samaki. Jina la ziwa linabeba nasaba nzima.

Sasa njooni kwenye mashimo. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilijenga nyumba na barabara kwa kasi kubwa, na ujenzi ule ulitaka kokoto na mchanga. Mabonde ya mito kama Thames, Colne na Ouse yakachimbwa. Mashine zilipoondoka, maji ya ardhini yakapanda na kuyajaza mashimo. Maji yake mara nyingi ni maangavu, na chini kuna matuta na mifereji iliyoachwa na wachimbaji. Miti ikaota kingoni, matete yakasimama, vyama vya wavuvi vikakodi, na samaki wakatiwa humo. Kijana aliyekulia kwenye vitongoji vile hakuwa na haja ya kusafiri hadi mto maarufu. Alichukua baiskeli na ufito wake, akaenda kwenye shimo ambalo labda baba yake aliliona likichimbwa. Ndiyo maana kumbukumbu hizi zina ukaribu ambao huupati katika hadithi za uvuvi wa baharini: mvuvi anazijua pembe zote za maji yake, anajua tuta liko wapi na mti uliolala majini ni upi.

Na kambare anapenda hasa pembe hizo. Mchana hulala chini ya mizizi, chini ya matawi yaliyozama, penye kivuli. Usiku hutoka. Macho yake ni madogo mno kwa mwili ule, lakini ana sharubu sita, mbili ndefu za juu na nne fupi za kidevuni, na kwa sharubu na ngozi yake anaonja maji yenyewe. Kibofu chake cha hewa kimeungwa na sikio la ndani kwa mifupa midogo, kwa hiyo anasikia vizuri kuliko samaki wengi. Wavuvi walilijua hilo kwa vitendo. Ukiwasikiliza wazee wakieleza, wanarudia mambo yale yale: usipige kigingi kwa nyundo baada ya jua kutua, usiburute viatu kwenye kokoto, zima taa, nong'ona.

Chambo chao kilikuwa cha harufu kali: ngisi mzima, maini, rundo la minyoo, kipande cha samaki. Na hapo ndipo penye karaha ambayo hakuna aliyeisahau, yaani mkunga, yule samaki mrefu kama nyoka. Mkunga naye hutoka usiku, naye hupenda ngisi na minyoo. King'ora kilichofungwa kwenye ufito kinalia, mvuvi anaruka kutoka kitandani, moyo unamdunda, anakaza mshipi, kumbe ni mkunga ameshajifunga fundo na uzi wote umejaa ute. Wengine wakaanza kuning'iniza chambo katikati ya maji, mbali na sakafu, ili wampite mkunga na kumfikia kambare anayepanda juu kuwinda. Mbinu hiyo haikutoka maabara. Ilizaliwa na usiku mwingi ulioharibika.

Akishikwa mwenyewe, hakuna shaka. Hakimbii kwa kishindo kama karpu, samaki mwingine wa maziwa hayo. Anakwenda kwa uzito, anarudi nyuma, anazungusha mkia, anataka kurudi kwenye mizizi yake. Kisha huja kumtoa majini. Kinywa chake kina vijino vidogo vingi sana, vimepangwa safu safu, vinakwaruza kama msasa. Mvuvi aliyemshika taya la chini bila glavu aliondoka na ngozi ya kidole gumba imechubuka, na alilionyesha jeraha lile wiki nzima kwa fahari. Napenda sana kumbukumbu hii kuliko picha yoyote ya mizani, kwa sababu haiwezi kuongezewa chumvi.

Lakini nisipotoshe: sehemu kubwa ya kumbukumbu hizi ni za kukosa. Kambare huyu anahitaji maji ya nyuzi kama 20 za Selsiasi ili azae, na majira ya joto ya Uingereza hayatoi joto hilo kila mwaka. Dume hulinda mayai kwenye mizizi hadi yaanguliwe, lakini kama maji yalibaki baridi hakuna cha kulinda. Kwa hiyo katika maziwa ya zamani waliongezeka polepole. Wavuvi walisubiri usiku mzito wenye joto na dalili ya ngurumo, wakakesha, wakarudi kazini asubuhi mikono mitupu. Kwangu mimi hizo ni taarifa za thamani. Mtu anayekumbuka kwamba mwaka fulani hakuna aliyepata kitu ziwani anatueleza habari ya joto na ya kizazi kilichokosekana.

Mwaka 1970, kwenye hifadhi ya maji ya Wilstone huko Tring, iliyojengwa kulisha mfereji wa mashua, alivuliwa kambare wa pauni 43 na aunsi 8, karibu kilo 20. Rekodi hiyo ya taifa ilisimama kwa miaka mingi, na kizazi kizima kilipima ndoto zake kwayo. Ilikuwa na maana kwa sababu samaki yule alikuwa wa maji yale, amekula humo na kunenepa humo.

Kisha mambo yakabadilika. Katika miaka ya 1990 wenye maziwa ya biashara walitaka samaki wakubwa haraka, na kambare wakaanza kuingizwa kutoka bara la Ulaya, wengine kwa magendo, wakiwa tayari wakubwa. Mwaka 1997 rekodi ilifika pauni 62, kilo 28 hivi, katika bwawa la Withy Pool huko Bedfordshire. Na mwaka 2000 kamati ya rekodi za samaki ya Uingereza ikaifunga kabisa orodha ya kambare, kwa kuwa hapakuwa na njia ya kujua nani amekulia nchini na nani ameshushwa na lori. Wavuvi wengi waliumia. Mimi nasema kamati ilifanya sawa. Samaki wa magendo anaweza kuja na ugonjwa, kama ule wa virusi unaoua karpu majira ya kuchipua, na anafuta historia ya maji anayotiwa. Mwaka 2023, katika ziwa moja la Essex, alivuliwa kambare wa pauni zaidi ya 140. Ni samaki wa kustaajabisha, na furaha ya aliyemvua siipunguzi hata kidogo. Hakuingia kwenye orodha yoyote ya taifa.

Kwa hiyo wenye wazee wa uvuvi karibu, ninawaomba jambo la vitendo. Waulizeni kabla hawajaondoka. Msianze na uzito. Anzeni na maji: shimo lilichimbwa lini, nani alitia samaki, walitoka ziwa gani, kambare wadogo walianza kuonekana mwaka gani. Kambare mdogo, wa kilo moja au mbili, ndiye ushahidi kwamba wanazaa pale, na ndiye ambaye hakuna aliyempiga picha. Muulize mzee kama aliwahi kumpata mmoja, na alimpata upande gani wa ziwa.

Sasa nakaribisha maswali.