Suzanne Lenglen na Pesa za Kiingilio

Mabibi na mabwana, ukimtaja Suzanne Lenglen, mcheza tenisi wa Ufaransa, watu hukimbilia gauni. Ni kweli, mwaka 1919 aliingia Wimbledon, mashindano makubwa ya tenisi ya Uingereza, mikono wazi, sketi fupi, wenzake wakiwa bado wamejifunika hadi karibu na vifundo vya miguu. Magazeti yalipata la kusema. Mimi leo nataka tuzungumze pesa.

Ila kwanza mchezo, maana bila mchezo hakuna pesa. Fainali ya mwaka ule: huku binti wa Kifaransa wa miaka 20, kule Dorothea Lambert Chambers, Mwingereza wa miaka 40, mama wa watoto wawili, bingwa mara saba. Mfalme George wa Tano yuko jukwaani. Seti ya tatu, Chambers anaongoza 6-5, na gemu hii ni 40-15. Anahitaji pointi moja tu, na nafasi anazo mbili. Lenglen anakimbilia wavuni, Chambers anaubetua mpira juu yake. Binti anajinyoosha, anaugusa kwa ukingo wa raketi. Mpira unagonga utepe wa wavu, unadondokea upande wa mama. Bahati tupu! Ya pili akaiokoa kwa ustadi, na mwisho akashinda 10-8, 4-6, 9-7. Katikati ya mechi baba yake alimrushia vipande vya sukari vilivyolowekwa konyaki. Jaribu hilo leo uone.

Alitwaa Wimbledon mara sita, na dhahabu ya Olimpiki Antwerp mwaka 1920. Watu walifurika kumtazama, viwanja vya zamani vya Worple Road vikaelemewa, na mwaka 1922 mashindano yakahamia Church Road.

Sasa, kiingilio cha umati ule kilikwenda wapi? Si kwake. Tenisi kubwa ilikuwa ya ridhaa: klabu inauza tiketi, bingwa anapewa kikombe na makofi. Utaratibu huo uliwafaa waliozaliwa na mali.

Februari 1926, mjini Cannes, alimfunga Mmarekani Helen Wills 6-3, 8-6. Waliokosa tiketi walipanda miti na mapaa ya jirani. Mwaka huohuo Lenglen akasaini na promota C. C. Pyle kwa dola 50,000, azunguke Marekani akicheza na Mary K. Browne. Akaeleza waziwazi kwamba kwa miaka 12 ameiingizia tenisi mamilioni ya faranga, huku yeye akilipa ada ili aruhusiwe kushiriki. Kwangu mimi, huo ndio ujasiri wake mkubwa, kuliko sketi. Gharama yake aliijua: mchezaji wa kulipwa hakuruhusiwa tena Wimbledon.

Alifariki mwaka 1938, akiwa na miaka 39. Wimbledon ilifungulia wachezaji wa kulipwa mwaka 1968. Bingwa wa wanaume, Rod Laver, alipata pauni 2,000. Billie Jean King, bingwa wa wanawake, pauni 750. Zawadi zililingana mwaka 2007.