Mwanamke Aliyelala: Kuusoma Mchoro wa Wino wa Rembrandt

Mabibi na mabwana, karibuni. Picha mnayoiona ukutani imekuzwa. Yenyewe ni kipande kidogo cha karatasi: kimo milimita 246, upana milimita 203, kifupi kuliko karatasi ya A4. Imo katika makumbusho ya British Museum, London, tangu 1895. Mwanamke amejiinamia, kichwa kakilaza juu ya mkono, usingizi umemchukua. Wengi wanaamini ni Hendrickje Stoffels, aliyekuwa akiishi na Rembrandt, mchoraji wa Kiholanzi wa karne ya 17, mjini Amsterdam. Sahihi hakuna, tarehe hakuna. Rembrandt hakuwa na mazoea ya kutia sahihi michoro yake, na huo mwaka wa 1654 unaoandikwa kwenye vitabu umekadiriwa kwa kuutazama mtindo wake wa kuchora tu.

Jina la mchoraji tuliweke kando kwanza. Tuanze na wino.

Kazi hii ni ya brashi tupu. Haikuanzishwa kwa mistari ya kalamu ikajazwa baadaye, kama wachoraji wengi walivyozoea. Tazameni vazi lake. Huu mpigo mmoja mpana unaanza ukiwa mweusi na mbichi, unatembea, kisha unakatikakatika mpaka vijistari vya karatasi vinachungulia. Hapo brashi ilikuwa inaishiwa na wino. Basi mnajua mkono ulitoka wapi ukaenda wapi: penye umajimaji ndipo palipoanzwa, penye ukavu ndipo palipoishia. Tena, mpigo ukipita juu ya mwenzake uliokwisha kukauka, kingo zote mbili zinabaki kali. Ukipita ule wa kwanza ungali mbichi, zinayeyukiana. Kwa alama hizo mbili tu mnaweza kupanga sehemu kubwa ya mchoro, kipi kilitangulia na kipi kilifuata. Na ule wino uliozimuliwa nyuma ya kichwa, kama ungepakwa nywele zikiwa bado mbichi, nywele zingetawanyika zote.

Karatasi nayo ina sehemu yake. Ilitengenezwa kwa matambara ya kitani, ikachovywa katika gelatini iliyochemshwa kutokana na ngozi za wanyama. Gelatini ndiyo inayoushika wino juu. Ikiwa hafifu, wino unasambaa kama kwenye karatasi ya chooni. Ikizidi, wino unajikusanya matonematone na kukataa kushika.

Anayetaka kuelewa haya ajaribu mwenyewe. Chukua karatasi nene ya rangi za maji, changanya wino sehemu moja na maji sehemu nne, chovya brashi ya mviringo, futa upande mmoja kwenye ukingo wa bakuli, kisha vuta sentimita kumi bila kuinua mkono. Makosa ni yaleyale kwa kila anayeanza. Mwishoni pa mpigo panabaki kidimbwi. Kikikauka chenyewe kinaacha ukingo mweusi, kwa hiyo kinyonye mapema kwa brashi iliyokamuliwa. Ukisita katikati, unapata kovu. Ukirudia mahali palipokauka nusu, maji mapya yanausukuma wino wa zamani na kufanya umbo kama la koliflawa. Kufuta hakuna.

Sasa rangi. Makumbusho yanauita wino huu wa kahawia, basi, na hiyo ni lugha ya mtu mwangalifu, maana kahawia zipo za aina nyingi. Kuna wino wa masizi: masizi ya kuni yanachemshwa, yanachujwa, yanatoa rangi angavu yenye umanjano. Kuna wino wa vivimbe vya mwaloni, vile anavyovisababisha nyigu mdogo akitaga mayai kwenye mti. Vivimbe vinatwangwa na kulowekwa, vinatiwa chumvi ya chuma ya kijani, ambayo ni binamu wa mrututu, na gundi ya mgunga ya kuuzuia wino usitiririke. Wino huo ukiandikwa unageuka mweusi, halafu kwa miaka mingi unarudi kuwa kahawia. Wa tatu ni wino wa dome, yule ndugu yake ngisi. Huo ulienea mwishoni mwa karne ya 18, kwa hiyo mkiona mchoro wa karne ya 17 umeandikiwa kwamba ni wa dome, itilieni shaka lebo hiyo.

Wino wa mwaloni una tatizo lake. Chumvi ya chuma ikizidi vivimbe, inabaki asidi, na chuma huru, yaani kisichoungana na vivimbe, kinaichochea hewa kuzila nyuzi za karatasi. Kwanza wino unatokeza upande wa nyuma. Kisha pembeni mwa mistari panakuwa na ukungu wa kahawia. Mwisho karatasi inakatika palepale ulipopita mstari mnene, kana kwamba imekatwa kwa wembe. Penye mistari myembamba huenda pasionekane kitu.

Kupima si kazi kubwa. Kijikaratasi chenye bathofenantrolini, kemikali inayobadilika rangi ikikutana na chuma, kinaloweshwa kwa tone la maji safi, maji ya ziada yananyonywa, kinabanwa juu ya wino sekunde 30, kisha kinaachwa kikauke. Kikiwa chekundu cha zambarau, chuma huru kipo. Na hapo ndipo watu wema wanapoharibu: wanaona karatasi imepasuka, wanaibandika kwa gundi ya majimaji. Maji yanakichukua chuma na kukipeleka penye karatasi ambayo bado haijadhurika, na miaka ijayo napo pataungua. Kiraka kiwe cha karatasi nyembamba ya Kijapani iliyokwisha kupakwa gelatini, iloweshwe kidogo mno, ya kutosha kushika tu.

Mwanga pia unakula karatasi na wino, polepole, na kilicholiwa hakirudi. Kiwango cha maonyesho ni laksi 50 (laksi ni kipimo cha mwanga), kwa miezi michache, halafu mchoro unarudi kwenye sanduku lake gizani. Kwa hiyo msishangae mkifika London mkaukosa ukutani. Andikeni mapema kwa chumba cha kusomea cha idara ya michoro, muombe miadi. Osheni mikono, muikaushe vizuri. Kalamu za wino ziacheni nje; ndani ni penseli tu.